Nyanya chotara nyumbani Mwanza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu mwenye pakiti moja ya mbegu na nafasi ndogo: kibaraza cha Mabatini, kona ya ua Nyegezi, au matuta mawili nyuma ya nyumba Buswelu. Maswali yanatoka kwenye pakiti hadi kwenye kikapu. Kama mmea wako unaumwa leo, ruka uende moja kwa moja sehemu ya wadudu na magonjwa.

## Mbegu

Chotara ni nini hasa? Ndizo zile mbegu za maabara?

Hapana. Chotara F1 ni mtoto wa kwanza wa wazazi wawili wa nyanya, kila mmoja amechaguliwa vizazi vingi kwa sifa yake: huyu anastahimili virusi, yule ana tunda gumu lisilopasuka. Ua la mama hufunguliwa kabla halijachanua, sehemu zake za kiume huondolewa kwa kibano, kisha hupakwa chavua ya baba. Kazi hiyo hufanywa kwa mkono, ua kwa ua, na ndiyo inayopandisha bei ya pakiti. Hakuna jeni iliyohamishwa kutoka kiumbe kingine.

Unalipia mambo matatu: miche inayofanana, mazao mengi, na ustahimilivu wa magonjwa yaliyotajwa kwenye pakiti. Yaliyotajwa tu. Chotara yenye kinga ya virusi itakufa kwa kiu kama nyanya nyingine yoyote.

Kwa Mwanza nichukue aina ipi?

Anza na nafasi uliyonayo kabla ya jina la mbegu. Nyanya ndefu, kama Anna F1, haiachi kurefuka. Inataka kamba ya mita mbili, kupogolewa kila wiki na mtu wa kuiangalia kwa miezi mingi. Nyanya fupi, kama Assila F1, hufika kama mita moja, hutoa matunda yake karibu kwa mkupuo, kisha huchoka. Kwa anayeanza, au anayepanda kwenye ndoo kibarazani penye upepo wa ziwa, nyanya fupi ni salama zaidi. Kwa mwenye ukuta wa kuegemeza na subira, ndefu italisha nyumba muda mrefu.

Tanya na Tengeru 97 zinapendwa sana lakini si chotara. Ni mbegu za kawaida zilizotokana na utafiti wa Tengeru, Arusha. Mbegu zake unaweza kuzikamua na kupanda tena, jambo lisilofaa kwa chotara (tazama swali la kukamua mbegu).

Hizi herufi nyuma ya pakiti zina maana gani?

Ndizo ulizolipia, kwa hiyo zisome dukani kabla hujatoa hela. HR ni kinga kubwa, IR ni kinga ya wastani. TYLCV ni virusi vya kujikunja kwa majani, ule ugonjwa unaoitwa rasta. ToMV ni virusi vya batobato. Fol ni mnyauko fuzari, Va na Vd ni mnyauko wa vetisilia, Rs ni mnyauko bakteria. Ma, Mi na Mj ni minyoo fundo.

Kuhusu minyoo fundo kuna jambo ambalo pakiti haisemi. Kinga hiyo hulegea udongo unapopita nyuzi 28 hivi. Ndoo nyeusi juu ya jiwe linalochomwa na jua la saa nane mchana hupita hapo bila shida, na mmea wenye herufi zote tatu ukatoka na mizizi yenye vinundu kama shanga. Ndoo iwe ya rangi nyeupe, au ivishe kiroba cheupe, na iinue juu ya matofali mawili ili isikae kwenye jiwe lenyewe.

Mbegu zangu zina rangi ya waridi. Nizioshe?

Usizioshe. Hiyo ni dawa ya kuzuia kuvu iliyopakwa kiwandani. Nawa mikono ukimaliza kupanda, weka mbali na watoto, na mbegu zilizobaki usiwape kuku.

Nikikamua mbegu za chotara nilizovuna, zitaota?

Zitaota vizuri sana, na hapo ndipo watu wengi wanapodanganyika. Kizazi cha pili hutawanyika: mmoja mrefu, mwingine mfupi, huyu tunda duara, yule lina mabonde. Kama kinga ya ugonjwa fulani ilitokana na jeni moja yenye nguvu iliyotoka kwa mzazi mmoja, takriban robo ya miche ya kizazi cha pili haitakuwa nayo kabisa, na huwezi kuijua kwa macho mpaka ugonjwa ufike.

Ukitaka kukamua, panda Tanya. Chagua matunda yaliyoiva kwenye mmea wenye afya, kamua ute na mbegu kwenye kikombe, acha siku mbili hadi tatu mpaka ute uachie, suuza, anika kivulini juu ya sahani. Usianike kwenye karatasi, zitagandia.

Nimepanda mbegu 20, pakiti ina mamia. Zilizobaki zitadumu?

Gramu moja ya nyanya ina mbegu takriban 300, hivyo pakiti ndogo inatosha misimu kadhaa. Zikiwa kavu na penye ubaridi hukaa miaka mitatu na zaidi. Adui ni unyevu wa hewa ya ziwani. Kunja pakiti, iweke kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko pamoja na mchele mkavu uliokaangwa bila mafuta na kupoa, kisha kwenye friji au kona ya baridi.

Kabla ya msimu mpya, jaribu: mbegu 20 kwenye karatasi laini yenye unyevu ndani ya mfuko, siku nane. Zikiota 16 au zaidi, endelea. Zikiota 10, panda mbili kila shimo.

## Kitalu

Nisie mbegu mwezi gani?

Hesabu kurudi nyuma kutoka siku unayotaka kula. Wiki nne kitaluni, kisha siku 70 hadi 85 baada ya kuhamisha: jumla ni miezi mitatu na nusu hivi. Mwanza, iliyo juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, haina baridi ya kuzuia nyanya mwezi wowote. Kinachobadilika ni maadui.

Ukisia mwishoni mwa Mei, mmea unakua kiangazi. Majani yanabaki makavu, bakajani (ugonjwa wa mabaka kwenye majani) inakuwa chache, ila inzi weupe, utitiri na kantangaze (nondo ambaye funza wake hula ndani ya jani) wanaongezeka na maji ni jukumu lako. Ukisia Januari au Februari, mmea utakuwa na maua na matunda wakati wa masika, na hapo bakajani chelewa inaweza kumaliza tuta zima ndani ya wiki. Anayeanza aanze Mei au Juni. Nyanya ya masika ina thamani kubwa sokoni kwa sababu ni ngumu kuilea. Iache kwa msimu wako wa tatu, na uwe na paa la nailoni.

Nioteshee kwenye nini?

Trei ya miche ndiyo bora: kila mche na chumba chake, hakuna mizizi inayochanika siku ya kuhamisha. Vikombe vya plastiki vilivyotobolewa chini vinafanya kazi ileile. Jaza kokopiti (unga wa makumbi ya nazi) au mchanganyiko wa mboji iliyochekechwa, udongo na pumba za mpunga zilizochomwa hadi ziwe nyeusi (zisiwe jivu jeupe), sehemu sawa kwa sawa. Pumba hizo hazikosekani kwenye mashine za kukoboa Magu na Misungwi.

Kama unatumia udongo wa shambani, umwagie maji yanayochemka na uache upoe siku nzima. Kazi hiyo ndogo huokoa miche kuliko dawa yoyote ya baadaye.

Mbegu moja kila chumba, kina cha nusu sentimeta hadi sentimeta moja. Funika, nyunyiza kwa chupa yenye matundu madogo kwenye mfuniko, weka kivulini.

Siku ya tisa, hakuna kilichotoka. Kosa liko wapi?

Kwa joto la Mwanza nyanya hutokeza siku ya tano hadi ya nane. Fukua mbegu mbili. Ikiwa imeoza na inanuka, maji yalizidi. Ikiwa imevimba tu, subiri siku tatu. Ikiwa kavu kama ilivyotoka kwenye pakiti, udongo wa juu ulikauka mchana. Ikiwa haipo, mchwa au sisimizi waliibeba: inua trei juu ya meza na miguu yake uisimamishe kwenye makopo ya maji.

Miche imekuwa mirefu, myembamba, inalala upande mmoja.

Inatafuta mwanga. Mbegu zikitokeza tu, kivuli kinakwisha kazi. Siku hiyohiyo hamishia trei penye jua la asubuhi. Miche iliyokwisha kurefuka bado inafaa, kwa kuwa nyanya hutoa mizizi kwenye shina lililofukiwa. Wakati wa kuhamisha, ifukie mpaka chini ya majani ya kwanza.

Miche inakatika shingoni na kulala chini.

Shingo ikiwa nyembamba na ya kahawia kama uzi uliolowa, ni kinyaushi, kuvu wa udongo wenye maji mengi. Ulioanguka hauponi. Ng'oa iliyoanguka na majirani zake, acha udongo ukauke juu, mwagilia asubuhi tu. Shingo ikiwa imekatwa kama kwa kisu, ni sota, kiwavi anayejificha udongoni. Fukua sentimeta mbili kuzunguka mche utamkuta amejikunja. Muue, kisha zungushia kila mche kipande cha chupa ya plastiki.

Nihamishe lini?

Mche ukiwa na majani halisi manne hadi sita na unene wa penseli nyembamba, kwa kawaida wiki ya nne. Wiki moja kabla, punguza maji na uongeze jua kidogo kidogo mpaka ukae nje siku nzima. Hamisha jioni, saa kumi na moja, mwagilia shimo kabla na baada. Mche uliohamishwa saa nne asubuhi unakabiliwa na jua la mchana kutwa na mizizi iliyoshtuka.

Muda wote wa wiki nne hizo funika kitalu kwa chandarua chenye matundu madogo sana. Sababu iko kwenye swali la rasta.

## Ndoo, tuta na maji

Ndoo ya lita ngapi?

Lita 20, mche mmoja. Lita 10 itabeba nyanya fupi ikiwa upo nyumbani kumwagilia mara mbili kwa siku. Toboa matundu sita hadi manane chini kwa msumari uliochomwa moto, na mengine mawili ubavuni, sentimeta tatu kutoka chini. Ndoo zilizowahi kubeba rangi ya kupaka au kemikali usitumie.

Kwangu ni mawe na luseni tupu. Wengine wana mbuga. Nyanya itakubali?

Luseni, ule mchanga wa granaiti wa vilimani, unapitisha maji na mbolea kama chujio. Chimba shimo la sentimeta 40 upana na kina hichohicho, changanya nusu yake na samadi iliyoiva. Mbuga, udongo mweusi wa bondeni, una chakula lakini hutuamisha maji. Inua tuta sentimeta 30 na usipande masika. Penye jiwe tupu, ndoo.

Mchanganyiko wa ndoo: debe tatu za udongo wa juu, mbili za samadi, moja ya pumba zilizochomwa au mchanga mnene. Samadi iliyoiva haina joto wala harufu ya zizi. Samadi mbichi ya kuku ndiyo inayounguza miche ya watu wengi. Iache miezi mitatu ikilowanishwa na kugeuzwa.

Mbolea ya dukani niweke kiasi gani?

Kipimo ni kizibo cha soda, takriban gramu tano. Siku ya kuhamisha: kizibo kimoja cha DAP au NPK chini ya shimo, kifunike na udongo kiasi cha vidole vinne ili mizizi isikiguse. Wiki ya tatu: kizibo kimoja cha CAN, mbali kidogo na shina, kisha maji. Matunda ya kwanza yakifika ukubwa wa golori: kizibo kimoja cha NPK yenye potasi, na urudie kila wiki tatu.

Urea ndiyo tabu. Mmea unakuwa kijani cha kuvutia, majani mapana, jirani anausifia, na tunda hakuna. Ukishaona hivyo acha mbolea zote za nitrojeni, kama urea na CAN, kwa wiki tatu.

Nimwagilie mara ngapi?

Chomeka kidole hadi pingili ya pili. Pakavu, mwagilia, panyevu, ondoka. Kwa ndoo ya lita 20, mche mdogo hutumia kama nusu lita kwa siku, wenye matunda lita moja na nusu hadi mbili wakati wa kiangazi. Asubuhi, chini ya shina, kamwe si juu ya majani. Tandaza nyasi kavu au pumba unene wa vidole vitatu na utapunguza kazi kwa sehemu kubwa.

Kiasi si tatizo kubwa kama mpangilio. Siku mbili bila maji kisha ndoo nzima kwa pupa ndiyo chanzo cha matunda kupasuka na cha kuoza kitako.

Maji ya ziwa yanafaa?

Kwa mmea yanafaa. Si ya chumvi. Hatari ni kwako. Ukiingia majini kuchota penye majani na konokono unaweza kupata kichocho. Chota bila kuingia, na maji yakae kwenye pipa lisilo na konokono siku mbili kabla ya kuyashika. Maji ya karibu na mitaro ya mji yana kinyesi: yasiguse tunda, na nyanya ya kachumbari ioshwe kwa maji safi.

Naweza kutumia magugu maji kama mbolea?

Ndiyo, ni mboji nzuri yakishughulikiwa. Yanyaushe juani siku nne, katakata, panga tabaka moja la magugu, moja la majani makavu, moja la samadi, geuza kila wiki mbili. Miezi mitatu yanakuwa udongo mweusi. Yakiwa makavu yanafaa pia kwa matandazo. Usiyarundike mabichi kwenye shina, na yale yaliyoota kwenye maji ya viwanda au gereji yaache yalipo.

Nilime pale pale ukingoni, maji yakiwa karibu?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Na kweli kuna sababu: mbolea na dawa zako zikisombwa na mvua zinaishia kwenye maji ambayo mji mzima unayanywa. Sogea juu, beba ndoo.

## Malezi

Lazima kuweka miti?

Kwa ndefu, lazima. Kwa fupi, ni busara. Upepo wa ziwa huanza mchana na kuvunja shina lililobeba. Simika mti wakati wa kuhamisha mche. Ukiuchomeka mwezi mmoja baadaye unakata mizizi. Funga kwa kitambaa au kamba ya katani kwa umbo la namba nane, fundo likae upande wa mti, shina lipate nafasi ya kunenepa.

Nipogoe nini, niache nini?

Kwenye nyanya ndefu, kila kwapa la jani hutoa kichipukizi. Kivunje kwa vidole kikiwa na urefu wa kidole kidogo, asubuhi, ili kidonda kikauke. Bakiza shina moja au mawili. Kwenye nyanya fupi ondoa vile tu vilivyo chini ya kichala cha kwanza. Ukiendelea juu unakata mavuno yako mwenyewe. Majani yanayogusa udongo yote yaondoke. Anayevuta sigara anawe mikono kwa sabuni kwanza, maana tumbaku hubeba virusi vya batobato.

Maua yanadondoka.

Joto likipita nyuzi 32 hivi mchana, chavua hudhoofika. Hewa ya Mwanza kwa kawaida iko chini ya hapo, lakini kona iliyozungukwa na mawe na bati ni tanuri, na mawe yanaendelea kutoa joto usiku. Weka kivuli chepesi kuanzia saa sita hadi saa tisa. Kisha tikisa kichala kwa kidole saa tatu asubuhi, siku hadi siku. Ua la nyanya linajichavusha lenyewe ila linahitaji mtikisiko, na kibaraza kilichozibwa ukuta hakipati upepo. Sababu nyingine mbili ni kiu na urea.

## Wadudu na magonjwa

Mmea ulikuwa mzima jana, leo umenyauka ukiwa kijani, na udongo una maji.

Fanya jaribio la glasi. Kata shina karibu na udongo, kipande cha urefu wa kidole, kifute, kisha kining'inize ndani ya glasi ya kioo yenye maji safi, ncha iliyokatwa ikiwa chini. Usikitikise. Tazama ncha hiyo kwa dakika tano ukiweka kitu cheusi nyuma ya glasi. Zikishuka nyuzi nyeupe, polepole, kama maziwa yanayodondoshwa kwenye maji, hao ni bakteria wenyewe wanatoka kwenye mishipa ya mmea. Ni mnyauko bakteria.

Hakuna dawa. Ng'oa na mizizi, choma, usitupe kwenye mboji. Udongo wa ndoo hiyo usiurudishe kwenye nyanya, ngogwe, bilinganya, pilipili wala viazi mviringo. Bakteria hukaa miaka. Mchicha au mahindi yanaweza kupandwa hapo. Osha kisu na ndoo kwa jiki, sehemu moja kwa tisa za maji. Tuta lililoambukizwa ndilo sababu bora ya kuhamia kwenye ndoo, au kutafuta chotara yenye Rs.

Maji yakibaki safi, kata mzizi uangalie vinundu vya minyoo fundo, na pasua shina: mstari wa kahawia ndani unaashiria fuzari.

Kuna mabaka meupe kwenye majani kama yamepasuliwa ndani. Ni kantangaze?

Inua jani ulitazame juani. Mstari mwembamba unaojipinda kama njia ya nyoka ni wa mdudu mchora majani, hana madhara makubwa. Baka pana linaloonyesha mwanga, lenye vinyesi vyeusi upande mmoja, ni la kantangaze. Ndani utamwona funza mdogo wa kijani, mwenye mstari mweusi nyuma ya kichwa.

Asili yake ni Amerika Kusini na aliripotiwa Tanzania mwaka 2014. Jike mmoja anaweza kutaga mayai hadi 260, kizazi kinakamilika ndani ya mwezi hivi. Hakuna herufi ya pakiti inayomzuia, kwa hiyo usidanganywe dukani.

Kwa miche kumi nyumbani, mkono unashinda dawa. Kila siku ya pili kagua majani, chuma yenye baka, tia kwenye mfuko mweusi, funga, acha juani wiki nzima. Usiku weka beseni la maji ya sabuni chini ya taa, nondo watatumbukia. Kama hayatoshi, ponda kiini cha mbegu ya mwarobaini gramu 50 kwa lita moja ya maji, loweka usiku, chuja, nyunyiza jioni kila siku tano. Dawa ya dukani iwe iliyosajiliwa, badilisha kundi la dawa (aina ya kiambato chake) baada ya kizazi kimoja kwa kuwa mdudu huyu huzoea haraka, na heshimu siku za kusubiri kabla ya kuvuna zilizoandikwa kwenye lebo. Ni sahani yako.

Majani ya juu yamejikunja, madogo, ya njano pembeni.

Ni rasta, virusi vinavyoletwa na inzi weupe. Mche ulioambukizwa kabla ya maua hauzai kitu cha maana, ng'oa leo. Ndiyo maana ya chandarua cha kitalu: wiki nne za kwanza ndizo zinazoamua. Chotara yenye TYLCV inaweza kuambukizwa ikaendelea kuzaa, hivyo usiing'oe haraka. Nyunyizia chini ya majani maji ya sabuni, mililita tano kwa lita. Majani ya chini yakijikunja juu kwa joto huku yakiwa kijani na manene, hiyo ni kujikinga na jua, haina neno.

Kitako cha tunda ni cheusi, kama ngozi.

Si ugonjwa na dawa ya ukungu haitasaidia. Chokaa ya ndani ya mmea husafiri na maji. Maji yakikatika, ncha ya tunda inakosa na seli zinakufa. Chuma yaliyooza, rekebisha maji (tazama mara ngapi kumwagilia), weka matandazo, acha urea. Maganda ya mayai yaliyosagwa yachanganywe kwenye udongo mwezi mmoja kabla. Ukiyarusha leo hayatasaidia tunda la leo.

Madoa ya kahawia: bakajani ipi?

Madoa yenye pete ndani ya pete, yakianzia majani ya chini, ni bakajani tangulia: ondoa majani, endelea. Mabaka makubwa kama yaliyomwagiwa maji ya moto, yenye utando mweupe chini ya jani asubuhi yenye unyevu, ni bakajani chelewa. Hiyo haisubiri kesho. Ng'oa mmea uliozidiwa, kinga uliobaki kwa dawa ya mankozebu kwa kipimo cha lebo, na paa la nailoni juu ya majani.

Wale wadudu wa ziwani wanaotanda kama moshi, wanakula nyanya?

Hawali. Hawana meno ya kutafuna jani na wanaishi siku chache tu. Wakirundikana kwenye majani, suuza asubuhi ili yakauke mapema.

Matunda yanang'atwa usiku, au miche inaliwa mpaka chini.

Usiku, panya: inua kichala, vuna mapema. Asubuhi na jioni, karibu na mawe makubwa, ni pimbi. Wavu wa kuku wa urefu wa mita moja, uliofukiwa chini sentimeta 15, unawazuia. Mijusi wa rangi wanaoota jua juu ya mawe, wenye kichwa chekundu na mwili wa buluu, waache. Wanakula wadudu wako.

## Mavuno

Nivune ikiwa nyekundu kabisa?

Si lazima. Rangi ya waridi ikianza kitakoni, tunda limeshakomaa na litaivia ndani bila kupoteza ladha, na panya na ndege hawalipati. Liweke mezani, kikonyo juu, kivulini. Ukitaka liharakishe, liweke kwenye mfuko wa karatasi na ndizi mbivu moja. Friji inaua ladha. Chini ya nyuzi 12 tunda huwa la unga na maji.

Mabega ya tunda yanabaki ya njano na magumu.

Joto. Rangi nyekundu haitengenezwi vizuri tunda likipita nyuzi 30. Mara nyingi ni kosa la aliyepogoa majani yote ili "matunda yapate jua". Tunda linahitaji kivuli cha majani yake.

Ndoo moja itanipa kilo ngapi?

Chotara fupi iliyotunzwa, kilo tatu hadi tano. Ndoo nne zilizosiwa kwa kupishana wiki tatu zinatosha mboga na mchuzi wa sato wa familia ndogo bila kukimbilia genge kila jioni.

Mmea wa zamani umechoka. Niukate uchipue upya?

Nyanya ndefu yenye afya inakubali: kata juu ya kichipukizi chenye nguvu cha chini, weka mboji, anza upya. Nyanya fupi usijisumbue. Mmea wenye dalili yoyote ya rasta au mnyauko usiukate hata kidogo, ng'oa.

Naweza kupanda nyanya tena kwenye udongo uleule?

Kama mmea uliopita ulikufa kwa mnyauko, hapana. Kama ulimaliza salama, panda mchicha, kunde au vitunguu msimu mmoja, kisha mwaga udongo juu ya nailoni nyeusi, ulowanishe, ufunike kwa nailoni angavu na uanike wiki nne za jua la Julai au Agosti. Ongeza debe moja ya samadi kwa kila tatu za udongo huo kabla ya kurudisha kwenye ndoo, kwa sababu nyanya ya kwanza imeshakula kilichokuwemo.